Mboga za Sebuleni kwa Mwalimu wa Miradi

Mwalimu Enoki Mtewele alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu Makambako aliyeweza kumnyang'anya: ukimwelezea jambo lolote unalotaka kulianza, alikwambia papo hapo litakwama wapi. Alifundisha usimamizi wa miradi katika chuo kidogo kando ya barabara iendayo Songea, pale ambapo upepo wa Makambako hauna adabu hata kidogo. Upepo huo umewahi kubeba karatasi za majaribio zikiwa hazijasahihishwa, na siku moja uling'oa bango la kuwakaribisha wageni chuoni ukalitupa kwa jirani anayeuza pumba. Mwalimu alifundisha humo humo, koti limefungwa vifungo vyote, slaidi kwa Kiingereza, ufafanuzi kwa Kiswahili, na akikasirika, Kibena.

Wanafunzi walimpenda, maana hakuwa mtu wa kusoma slaidi na kuondoka. Alikuwa na misemo yake. Uliojulikana zaidi ni kwamba mradi wenye mwanzo usio na mwisho si mradi, ni ugonjwa. Msemo huo aliutoa kila muhula, amesimama wima kama mzee wa kanisa siku ya sadaka, na darasa zima liliuandika. Hakuna aliyejua kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongea.

Tuseme ukweli, kwa sababu Njombe mjini ulijulikana. Mwalimu Enoki alikuwa na nyumba huko Njombe, mtaa wa Ramadhani, na nyumba hiyo haikuwa na paa. Msingi ulikuwa imara, kuta zimenyooka, renta ya zege imekaa vizuri, madirisha yamewekwa nondo. Ukiingia na kutazama juu, ulionana na Mungu moja kwa moja. Yeye na mkewe na binti yao Ema waliendelea kupanga vyumba viwili jirani, na mabati ya kuezekea, yaliyonunuliwa zamani kwa shangwe, yaliegemezwa nyuma ya mlango wa chumbani, yakilia kila mtu alipopita kwenda kulala.

Mkewe, Esteria, ni mwanamke asiyeweza kuona ardhi imekaa bure. Alivumilia misimu kadhaa, kisha mvua za Novemba zilipoanza alichukua jembe akaingia sebuleni. Kama haiezekwi, alisema, basi ilimwe. Akapanda chainizi sebuleni na vitunguu chumba cha mtoto, na jikoni, kwa kuheshimu jina la mahali, akapanda nyanya. Kuta zilizuia upepo na baridi, mbuzi hawakuweza kuingia, na mboga zikastawi mpaka majirani wakaanza kuja kununua mafungu. Mwalimu akawa anakula sebule yake kila jioni, kwa ugali.

Kwa nini nyumba haikuezekwa? Mwenyewe angekueleza kwa mchoro wenye rangi. Alikuwa ametengeneza mpango wa nyumba hiyo mara nyingi, na kila alipojifunza mbinu mpya ya kufundishia aliuandika upya, ukazidi kupendeza. Lakini michoro yote, ukiifuata kwa kidole mpaka mwisho, ilifikia kitu kimoja: mbao. Na mbao zilikuwepo. Zilikuwa zimesimama wima Kichiwa, shambani kwa mama yake.

Baba yake, mzee Lameki, aliipanda misindano ile mwaka Enoki alipoingia kidato cha kwanza. Huko kwao kila mtu anapanda miti. Mwenye nafasi anapanda, asiye na nafasi anapanda mpakani na kugombana na jirani. Mzee alifariki Enoki akiwa chuoni Morogoro, miti ikiwa bado myembamba ya kushikika kwa mikono miwili. Sasa ilikuwa minene, imenyooka, na wenye malori ya mbao walikuwa wakifika mpaka uani kwa mjane wake, Mama Rebeka, kuiulizia. Mama Rebeka aliwapa chai, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi na miti yake.

Enoki aliona hayo akajifunza somo. Kama mama amewakatalia watu wenye malori, alimwambia Esteria, mimi ni nani niende kumgusia? Ile miti ndiyo kumbukumbu yake ya baba. Na kila alipokwenda Kichiwa kumsalimia, na alikwenda sana maana ni mtoto mwema, mazungumzo yalikuwa yale yale. Waliketi jikoni motoni, wakanywa chai, mama akatazama nje kupitia mlangoni akasema miti imekua. Enoki akajibu kwamba kweli, imekua. Kisha akaulizia viazi. Alirudi Ramadhani na kumwambia mkewe kwamba mama ameisifia tena ile miti, hivyo ni wazi hataki iguswe.

Basi Pasaka ya mwaka ule, baada ya ibada, Mama Rebeka alimwita Enoki pembeni. Akamwambia kwamba yeye sasa amezeeka, magoti yanamsumbua, na baridi ya mwaka huu hataikaa Kichiwa peke yake. Alikuwa amengoja aende kwa mwanawe wa kiume, chini ya paa la mwanawe, ila paa halionekani. Kwenye vyumba viwili vya kupanga hawezi kulala akitenganishwa na mkwewe kwa pazia. Hiyo si heshima kwa yeyote. Kwa hiyo mwezi wa saba ukimkuta bila paa la Enoki, atakwenda Bulongwa kwa Erica.

Enoki alihisi ardhi inamkimbia. Erica ni mdogo wake, ameolewa Makete, na Bulongwa ni baridi kuliko Kichiwa. Huko asubuhi za Julai majani yanakuwa meupe kwa barafu na watu wanaamka wakipumua moshi. Mama yake aende akaoteshwe moto na mkwe, kwenye baridi kali zaidi, huku mwanawe wa kiume, mwalimu wa miradi, analima sebule. Watu wangesema. Na hata wasingesema, yeye mwenyewe angejua. Alikosa usingizi, na tiba pekee aliyoijua ni kuandaa mpango mpya, wenye safu ya vihatarishi.

Wakati huo huo ulikuwa ni wakati wa kutoa kazi ya mwisho ya muhula. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ni ripoti ya mradi, na kwa miaka mingi makundi yote yalileta ripoti ya ufugaji wa kuku. Kuku walikuwa wale wale, walipita kutoka mwaka hadi mwaka wakibadilishwa jina la kijiji, na kuna kundi lililosahau hata kubadilisha hilo. Mwaka ule Enoki alichoka. Akawaambia kila kundi litafute mradi mmoja wa kweli uliokwama, Makambako au Njombe, wajue umekwama kwa nini, na wausogeze hatua moja kwa nguvu zao.

"Sitaki kuku," alisema. "Nileteeni kitu kilichokuwa kimesimama na sasa kinatembea."

Hakujua anajichimbia shimo. Katika darasa lile alikuwemo binti mmoja, Jasmine, mpole wa sauti lakini akishika jambo haliachi, na kijana Remmy, mchekeshaji, ambaye mjomba wake alipanga nyumba Ramadhani ukuta kwa ukuta na ile sebule yenye chainizi.

Siku ya uwasilishaji ukumbi ulijaa. Madamu Oktavia, mkuu wa idara, aliketi mbele na miwani yake. Kundi la kwanza lilikuwa limefufua kisima cha shule. La pili lilikuwa limepatanisha kamati ya harusi iliyogawanyika kwa sababu ya rangi ya sare, na bibi harusi alituma soda. Enoki alifurahi mno. Alijisikia mwalimu kweli.

Kisha Jasmine akapanda mbele, akasalimia, akasema kundi lao limeiita kazi yao Mradi wa Sebule. Remmy akabonyeza kitufe. Ukutani ikatokea picha ya dirisha lenye nondo, na ndani ya dirisha, chainizi, kijani kibichi, zimejipanga kwa mistari.

Enoki aliitambua mboga yake kabla ya nyumba yake. Damu ilimpanda masikioni. Aliwatazama wanafunzi kuona nani anajua, akakuta wote wanatazama madaftari yao kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha muhula mzima. Alijua basi kwamba wote wanajua.

Jasmine hakutaja jina. Alisema tu "mmiliki", kwa heshima zote. Akaeleza kwamba mmiliki ana mabati, ana fundi, ana mke mvumilivu anayezungumza vizuri na wageni, na ana mipango ya mradi mingi kuliko mradi wenyewe. Akaeleza kwamba kazi zote zinasubiri kazi moja, mbao, na mbao zinasubiri mtu mmoja aulizwe. Mmiliki anaamini mtu huyo atakataa. Kundi liliuliza majirani, fundi na mke, na wote walirudia imani hiyo hiyo ya mmiliki. Hakuna aliyekuwa amekwenda kumwuliza mhusika.

"Kwa hiyo tulikwenda Kichiwa," Jasmine alisema. "Tulimkuta bibi, tukamwamkia kamwene, akatupa viazi. Tulimweleza kwamba ni kazi ya chuo. Ameturuhusu tumrekodi, na amesema sauti yake isikike na wote."

Remmy akaweka simu karibu na kipaza sauti. Ukumbi ukajaa sauti ya Mama Rebeka, yenye kikohozi kidogo na mlio wa kuku nyuma yake.

"Mimi nimemtajia mpaka nimechoka," sauti ilisema. "Kila akija namwambia, miti imekua. Ananijibu, kweli mama, imekua. Halafu anauliza viazi. Nifanyeje? Kwetu mtoto hapewi miti ya marehemu baba yake kama anavyopewa chumvi. Anakuja, anasimama pale pale shambani, anaomba kwa mdomo wake. Nikimpa bila kuomba, hizo zitakuwa mbao tu. Wale wa malori niliwafukuza kwa ajili ya nani?"

Kuku akalia tena, na sauti ikakatika.

Mwanzoni watu walicheka, hasa kwenye viazi. Kisha hawakucheka. Enoki aliketi na kalamu mkononi na karatasi ya kutolea alama mbele yake, na macho yalimjaa machozi hadharani, mbele ya mkuu wa idara, na hakuona namna ya kuyasingizia upepo kwa kuwa madirisha yalikuwa yamefungwa. Kila safari ya Kichiwa ilimrudia. Mama akitazama mlangoni. Mama akisema miti imekua. Na yeye, mwenye shahada, akijibu viazi.

Madamu Oktavia alivua miwani akauliza kundi limemshauri nini huyo mmiliki. Jasmine akasema wamempangia aende kuomba Jumamosi, asubuhi, na bibi ameshakubali. Madamu akauliza kama mmiliki naye amekubali. Jasmine akasema hapana, bado hawajamwuliza, walikuwa wanatafuta nafasi nzuri.

Ukumbi wote ukageuka. Enoki akasafisha koo. Alikuwa bado ni mwalimu, na mwalimu lazima aulize swali.

"Kihatarishi kikubwa cha mradi huu ni kipi?"

"Ni mmiliki, mwalimu," Remmy alijibu. "Tunaogopa kabla ya Jumamosi ataandaa mpango mpya."

Hapo hata Madamu Oktavia alicheka, akafuta macho kwa leso. Enoki naye alicheka, na kucheka huko kulimwokoa.

Lakini Remmy alimjua mtu wake. Ijumaa yote Enoki aliiandaa hotuba ya kuomba miti, yenye utangulizi, usuli, lengo kuu na malengo mahususi. Esteria alimsikia akiifanyia mazoezi mbele ya mabati, akanyamaza, kwa kuwa mtu anayekwenda mwenyewe hasukumwi.

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala Kichiwa mpaka saa tatu. Mama Rebeka aliwangoja shambani, kitenge kiunoni, sweta mbili, kofia ya sufu, na pembeni yake baba mdogo wa Enoki awe shahidi wa ukoo. Kundi la Jasmine lilisimama nyuma kwa adabu, viatu vikiwa na tope. Enoki akavua kofia. Akasema Bwana Yesu asifiwe. Wakaitikia amina. Akasema kwamba, kwanza kabisa, angependa kutoa usuli mfupi wa jambo lililowaleta pale, na kwamba katika kuangalia hali halisi ya makazi...

"Enoki," mama yake alisema. "Omba."

Hotuba yote ikamtoka kichwani. Alitazama shina lililokuwa karibu naye. Alikumbuka siku alizombebea baba yake miche kwenye beseni, akilalamika kwamba mikono inamwuma na kwamba wenzake wanacheza mpira.

"Mama," alisema, "naomba miti ya baba."

"Haya," mama akasema. "Chukua."

Ilikuwa imeisha. Baba mdogo akatoa sala, ndefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akimtaja mzee Lameki na wazee wengine ambao hata Mama Rebeka hakuwakumbuka. Kisha wote wakaingia jikoni kula viazi.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kweli, ambao ni tofauti na mwendo wa kwenye mchoro. Kibali cha kukata kilitafutwa kijijini. Ikaletwa mashine ya kupasulia, ile wenyeji wanaiita dingdong, ikakaa shambani ikiunguruma na kutema unga wa mbao. Mwenye mashine alimshauri Enoki wabadilishane: achukue mbao kavu zilizo tayari, amwachie zile mbichi, aezeke wiki ile ile. Kwa mtu wa miradi lilikuwa wazo zuri sana, na Enoki mwenyewe angelipa alama zote. Alikataa. Mbao za baba yake zikapangwa kwa kupishanishwa ili zikauke taratibu, na yeye akawa anapita kila anaporudi kutoka Makambako kuzigusa, kana kwamba kuguswa kungeziharakisha.

Kitu ambacho hakuna aliyekitazamia ni chainizi. Mafundi walipofika, Esteria alisimama mlangoni mwa sebule yake akauliza ni nani aliyemwarifu. Mboga zilikuwa bado hazijakomaa, na wateja wake walikuwa wameshaagiza. Mafundi walimtazama Enoki, Enoki akawatazama wanafunzi, wanafunzi wakatazama chini. Wakaanza na upande wa chumba cha mama, na sebule ikasubiri mpaka bustani ikaribie kuisha. Kundi la Jasmine lilipata alama za juu kuliko makundi yote, lakini Enoki aliwakata kidogo, akaandika pembeni kwamba mdau muhimu hakushirikishwa. Jasmine alikuja ofisini kulalamika, akasoma, akarudi kimya.

Julai ilipoanza, baridi ilishuka Njombe kama kawaida yake, bila kubisha hodi. Mama Rebeka alifika Ramadhani na begi moja, blanketi lake, na jogoo miguu imefungwa. Alikagua chumba chake, akakikubali. Akaja sebuleni, ambako sakafu ilikuwa bado udongo uliopigwapigwa na juu yake mkeka, akaketi na kutazama juu kwenye kenchi za paa kwa muda mrefu.

Enoki akatoka nje kumpigia Erica. Alijisikia vibaya kidogo. Huko Bulongwa bila shaka walikuwa wameandaa kitanda, na mkwe amechanja kuni. Akamwambia mdogo wake kwa upole kwamba asikasirike, mama hataweza kuja tena.

"Kuja wapi?" Erica akauliza.

Enoki akaeleza mambo ya Pasaka. Erica akacheka mpaka simu ikakwaruza. Mama hakuwahi kumwambia neno kama hilo, alisema, na kwa magoti yale na barafu ya Bulongwa, kaka, aje kutafuta nini?

Enoki alirudi ndani. Mama yake alikuwa bado ametazama juu.

"Mama, Bulongwa ulikuwa uende lini?"

Mama Rebeka akavuta blanketi mabegani. "Bila Bulongwa ungekuja kuomba?"

Enoki alifikiri sana, akaona hakuna haja ya kudanganya. Akasema asingekuja.

"Baba yako alipoipanda aliniambia, hii ni ya kumfunika Enoki. Mimi nilikuwa naogopa nife na neno lake mdomoni." Akapangusa pua kwa upindo wa kitenge. "Sasa mwambie mkeo nina njaa."

Esteria alikuwa tayari anakuja, ugali mkononi, na Ema nyuma yake na bakuli la chainizi, za mwisho, zilizong'olewa asubuhi ile kupisha mkeka. Walinawa, baba wa nyumba akaomba baraka, na wakala pale pale zilipoota.